Mstari wa Rangi ya Kucha

Kwenye sanduku langu la spana, katikati ya nyundo na koleo, kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha. Rangi ya zambarau iliyoiva, imekolea. Wateja wakikiona wanacheka, na mimi nilikuwa nawaacha wacheke, maana mteja aliyecheka hakasiriki ukimsubirisha.

"Fundi, ukimaliza breki utanipaka na mimi?"

"Vua kwanza hizo ndala nione kama kucha zenyewe zinapakika."

Kichupa nilimwibia dada yangu. Alijua, akanisamehe, maana mumewe na mimi tulikuwa tunafanya kazi pamoja, na kilichokuwa kwenye sanduku langu ni kama kimo ndani ya nyumba yake. Gereji yetu ilikuwa mabati sita juu ya nguzo nne, Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kushoto bango la viwanja vinauzwa, kulia bango la viwanja vinauzwa, sisi katikati na oili zetu. Mafundi wawili tu. Yeye mwenye mwili, mimi mwenye mdomo.

Shule yangu ni darasa la saba, basi. Hesabu sikuzipenda, na zenyewe hazikunipenda. Lakini bolti nilisomeshwa. Kabla ya gereji nilifanya kibarua kwenye minara ya simu, na msimamizi wetu alikuwa mtu mfupi, hacheki hata ukimtekenya. Alikuwa na spana ndefu ambayo unaipangia kipimo kwenye mpini, halafu ukikaza nati ikafika pale panapotakiwa, inalia: tik. Akitusikia tunaendelea kuvuta baada ya tik, anapiga kelele mpaka ng'ombe wanageuka.

"Tik moja ni ya kazi! Ya pili ni ya ujinga wako!"

Yule mtu ndiye aliyenifundisha kwamba bolti si msumari. Bolti ukiikaza inavutika. Kidogo sana, jicho halioni, lakini inavutika kama mpira wa manati, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakobana vyuma viwili vikawa kitu kimoja. Ikiwa imevutwa sawasawa, gari lipande lishuke, yenyewe haina habari, mzigo unapita kwenye vyuma vilivyobanana. Ikilegea, kila tairi likizunguka bolti inapindwa kidogo, inanyooka, inapindwa tena. Wewe ukitaka kukata waya na huna koleo unafanyaje? Unaukunja, unaukunjua. Huukati kwa nguvu. Unauchosha.

Wazee wa Mlingotini walipokuwa wakituletea pikipiki zao, nilikuwa nawaeleza kwa msuli. "Mzee wangu, msuli ukifungwa vizuri unakwenda nao sokoni na kurudi, hata huukumbuki. Ukifungwa ovyo, kila hatua unateleza kidogo. Na hauanguki nyumbani. Unasubiri ufike mbele za watu." Walikuwa wanacheka huku wanajishika kiunoni.

Siku nilipoaga minarani, yule msimamizi akanipa ile spana, ya zamani, yeye alikuwa ameletewa mpya. Hakusema neno zuri hata moja. Alisema tu, "Usifungulie nayo. Hii ni ya kukazia na kupima. Ukifungulia nayo nati iliyoganda, umeiua." Nikaipokea kwa mikono miwili kama sahani ya ubwabwa wa maulidi.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi kabla yangu, na ufundi wake ulikuwa wa bomba. Unachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, linakuwa refu kama mtu, halafu unapanda juu yake unaruka. Ukiona bomba linapinda, nati imekaza. Pwani nzima watu wanakaza hivyo, na stadi za tairi, zile bolti zinazoshika ringi, zinakatika pwani nzima, wanasema chuma cha siku hizi kibovu.

Nilikuwa namtania mbele ya wateja, naye ananijibu, ndiyo ilikuwa redio yetu ya gereji.

"Shemeji, unakaza au unakwea mnazi?"

"Nakwea. Nikifika juu nitakuangushia dafu, pengine litakupunguza mdomo."

"Imelia lakini?"

"Ilie nini? Ninayelia ni mimi."

Watu wanavunjika mbavu. Nilidhani na yeye anacheka. Alikuwa anacheka, meno nilikuwa nayaona.

Baada ya miezi michache akaanza kuitumia spana ya tik. Nikamwonyesha na utaratibu wa mstari. Nati ikishalia, unachora mstari mmoja wa rangi ya kucha, unaanzia juu ya nati unashuka mpaka kwenye ringi. Nati ikija kuzunguka, hata nusu ukucha, mstari unakatika vipande viwili, unauona ukiwa umesimama. Halafu mteja anakwenda safari moja na mzigo, anarudi tunakaza mara ya pili. Hii ya mara ya pili ndiyo yenyewe. Vyuma vikikutana siku ya kwanza vinakuwa havijakaa, kuna kutu, kuna vumbi, kuna rangi. Mzigo ukipita vinasagika na kulala, na bolti inapoteza ule mvuto wake hata kama nati haijasogea. Mstari hauwezi kukuambia hilo. Spana tu ndiyo inajua.

Mteja wetu wa kwanza wa maana alikuwa mjomba, kaka wa mama yetu, anakaa Mlingotini. Alikuwa na tipa la kubeba kokoto na mchanga, analiendesha mwenyewe. Kaka zake wote walikuwa watu wa bahari, yeye peke yake alisema maji hayana breki. Alikuwa na mafundi wa kumfaa huko Bagamoyo, watu wazima, lakini aliniletea mimi. Madereva wenzake walimcheka, akawaambia, "Fundi wangu ni mtoto wa dada yangu. Tairi likitoka, mniite mimi mjinga." Alilisema hadharani, kwenye maegesho ya matipa, na maneno kama hayo yakishasemwa hadharani hayarudi ndani.

Karibu na Idi akalipaka rangi ringi zote. Bluu ya kung'aa. Ningesema alipaka kwa brashi, lakini nadhani alichovya. Akaja kwangu na breki za mbele zimeisha. Tukafungua tairi mbili za mbele, mimi na shemeji, nikakuta bluu imejaa mpaka upande wa ndani, pale ringi inapolalia chuma cha ekseli, nene kama siagi ya kwenye tangazo.

"Mjomba, shikamoo tena."

"Marahaba tena. Umeharibu nini?"

"Sijaharibu. Hii rangi ya huku ndani niikwangue. Chuma kinatakiwa kikae juu ya chuma. Rangi itasagika, bolti zitalegea."

"Unikwangulie rangi ya Idi?"

"Huku ndani hakuna anayeona, mjomba."

"Mwenyezi Mungu haoni?"

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, nikaacha. Hapo nilikosea na ninalijua, wala simsingizii mtu. Nikafunga, tairi la kushoto stadi nane, la kulia stadi nane, kila moja tik, kila moja mstari. Mjomba alikuwa ameinama nyuma yangu, mikono mgongoni, anaangalia kichupa.

"Sasa hii dawa ya nini?"

"Hii, mjomba, ndiyo inayoshika tairi. Nati ni urembo tu."

Akatikisa kichwa, akacheka, akapanda gari. Nikamfuata mpaka mlangoni nikamshika mkono, safari hii bila utani. "Kesho ukishusha mzigo wa kwanza, njoo hapa hata kama una haraka. Tunakaza tena. Kwa sababu ya ile bluu yako, na keshokutwa njoo tena."

"Nitakuja."

Kesho yake asubuhi mimi niliondoka kwenda Saadani kwenye arusi ya binamu yangu, na arusi ya kule si ya siku moja, ukirudi kabla ya wiki unasemwa. Nikamkabidhi shemeji spana ndani ya kitambaa chake. Nikamwambia, "Hii amana. Mjomba anakuja mchana, mkaze. Zote kumi na sita."

"We nenda kale pilau. Mimi ni mtoto?"

Saadani nilifika salama, nikapokewa, nikaoneshwa pa kulala. Siku ya pili nimekaa na kina shangazi wanageuza samaki juani, natafuta leso mfukoni, kikadondoka kichupa. Nilikisahau kwenye suruali. Kelele zilizopigwa pale, nadhani hata ngiri wa hifadhini walikimbia.

"Mwanamume na rangi ya kucha mfukoni! Unampelekea nani?"

"Ya tairi hii, shangazi."

"Haya, na hilo tairi limeposwa au bado?"

Nikacheka nao. Nikawaza, basi shemeji atakaza bila kuchora, si kitu. Kukaza ndiko kuna maana.

Siku ya sita dada akanipigia.

"Tairi la mjomba limetoka."

"Limetokaje?"

"Limetoka, limekwenda zake. Mjomba yuko hospitali, mtulinga umevunjika. Mzima, anaongea, anauliza kama umekula. Njoo."

Ilikuwa kwenye mteremko, kokoto zimejaa. Mjomba aliniambia baadaye kwamba aliliona tairi linampita upande wa kushoto, akaanza kumsikitikia mwenzake aliyepoteza tairi. Halafu tipa likainama. Tairi likavuka mtaro, likaangusha bango la viwanja, likaenda kulala katikati ya kiwanja. Nilipofika Mapinga utani wake ulikuwa umeshaiva. Tairi la mjomba limejinunulia kiwanja, sasa linatafuta fundi wa kujenga, lakini asiwe yule.

Yule ndiye mimi. Nilipokaribia gereji nikakuta madereva wanne wa matipa na bodaboda wawili wamekaa kwenye kivuli chetu.

"Fundi Kucha karudi!"

"Tik, tik, tik, mpaka shambani!"

"Bwana, na mimi nina mke, kucha zake zimelegea, utazikaza?"

Siku nyingine ningekuwa na jibu kabla hajafunga mdomo. Siku hiyo nilikuwa namtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, anafuta karbureta ambayo ilikuwa safi kuliko sahani ya dada.

Dereva mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa akicheka, akauliza, "Tuambiane ukweli. Hilo tairi nani alikaza?"

Shemeji hakuinua kichwa. "Mimi sikugusa. Alikaza yeye, akaenda zake arusini."

Nikasema, "Nilikaza, kweli. Lakini mjomba si alikuja mara ya pili?"

"Hakuja."

"Hata mara moja?"

"Shemeji, nimekwambia hakuja."

Nikamwamini. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba sikusita hata kidogo. Nikamkasirikia mjomba aliyelazwa hospitali na bega lililofungwa. Nikasema moyoni, mzee mbishi, anathamini bluu kuliko roho yake. Na mbele ya wale madereva nikasema kwa sauti, "Basi, kama hakuja, kosa ni langu. Ningemkatalia asiondoke na ile rangi." Mmoja akanipigia makofi. Shemeji akaendelea kufuta karbureta.

Tipa lilikuwa limevutwa mpaka nyumbani kwa mjomba, Mlingotini. Nikaenda peke yangu na kitambaa na mafuta ya taa. Upande wa kushoto stadi zote nane zilikuwa zimekatika, vimebaki vishina. Nikafuta kimoja kimoja.

Chuma kilichokatwa kwa nguvu, mara moja, uso wake unakuwa na chembechembe kila mahali, unameta kama sukari. Hizi hazikuwa hivyo. Sita kati ya zile nane zilikuwa na uso laini, umepauka, na juu yake mistari miembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama mistari ya ganda la kome. Kila mtoto wa Mlingotini anayajua maganda hayo, unayakanyaga ukienda chooni. Kila mstari ni mahali ambapo ufa ulifika ukapumzika, kesho ukaendelea. Ni mbili tu ndizo zilizometa sukari uso mzima. Hizo zilibaki peke yao na mzigo wa wenzao, zikakatika pale pale.

Kwa hiyo hazikukatika siku ile. Zilikuwa zinakatika wiki nzima, na mjomba yuko juu anapiga honi kusalimia watu. Zilichoshwa. Zililegea mapema na hakuna aliyezivuta tena.

Mpaka hapo bado namlaumu mjomba. Nikazunguka upande wa kulia, tairi ambalo lilikuwa bado limefungwa, nione na lenyewe limefika wapi. Nati ya kwanza, mstari wangu wa zambarau umekatika, kipande cha juu ya nati kimekimbia pembeni, kipande cha kwenye ringi kimebaki nyuma. Nati ilikuwa imezunguka. Na juu ya vipande hivyo viwili, kutoka nati mpaka ringi, umenyooka vizuri, mstari mwingine. Wa waridi.

Nikaangalia ya pili. Waridi. Ya tatu. Waridi. Zote nane zimepakwa waridi, kwa mkono wa mtu asiye na haraka.

Nilikaa chini mchangani. Kichupa cha gereji kilikuwa mfukoni mwangu, wiki nzima, Saadani. Nikakitoa nikakiangalia, kana kwamba kitanieleza. Nikajaribu kumtafutia shemeji njia ya kutokea. Labda mjomba kachora mwenyewe. Labda fundi mwingine. Unajua unavyomtetea mtu wako kichwani, unamtafutia mashahidi mpaka wanaisha.

Nikaenda kwa dada. Alikuwa anakuna nazi uani. Nikamsalimia, nikamwekea kichupa juu ya kinu.

"Samahani, hiki nilisafiri nacho."

Akacheka. "Kumbe unacho wewe! Ndiyo maana mwenzako alikuja mbio mchana ule, siku ile uliyoondoka, anataka rangi, ya gereji haionekani. Nikampa ile yangu ya waridi. Hajairudisha. Au mnapaka matairi na midomo?"

"Alisema ya kazi gani?"

"Mjomba yuko gereji anasubiri, alisema. Mbona umesimama hivyo? Kaa, tui liko karibu."

Nikakaa. Nikala. Wali ulikuwa mtamu na sikuweza kumwambia dada kitu, maana mtu anayekukunia nazi huku anamsifu mumewe kwa kuwahi kazini, unaanzia wapi?

Kesho yake asubuhi nikamkuta shemeji gereji kabla ya wateja. Sikumwamkia kwa utani.

"Nipe spana."

"Spana gani?"

"Ya amana."

Akaenda nyuma ya rundo la matairi, akainama. Akaja nayo ndani ya kitambaa, akaiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka nyoka. Nikaifungua. Karibu na kichwa ilikuwa na mchubuko mkubwa wa bomba. Nikaipachika kwenye nati nikavuta. Haikulia. Nikavuta tena, mwili mzima. Kimya. Ilikuwa fimbo tu.

"Asubuhi ile ile ulipoondoka," alisema. "Kuna trekta lilikuja, nati imeganda. Nilikuwa nataka kuifungua haraka."

"Nayo? Na bomba?"

"Ikapiga kelele ndani, kah! Ndiyo basi."

"Na mjomba alikuja."

Akaanza kukikunja kile kitambaa.

"Shemeji, mjomba alikuja au hakuja?"

"Alikuja. Mchana."

"Ukapaka waridi."

"Kwanza nilijaribu kuifuta ile yako kwa petroli, haikutoka."

Hebu fikiria. Alihangaika kuifuta. Alipata muda wa kuchukua petroli na kitambaa, akapata muda wa kwenda mpaka nyumbani kwa mkewe kuomba rangi na kurudi, akapiga magoti mara kumi na sita.

"Ungekaza hata na bomba!" Nilisikia sauti yangu inapasuka kama ya mtoto anayebalehe. "Spana ya kawaida iko hapo, bomba liko hapo! Hata bomba, shemeji!"

"Bomba?" Ndipo alipoinua uso mara ya kwanza tangu nirudi. "Hilo bomba ulilolicheka mbele ya kila mwenye gari? Ningekaza na bomba, stadi ikatike, urudi useme nini? Ningekupigia nikuambie nimeua spana yako uliyopewa mnarani, ungenitangaza mpaka Bagamoyo mjini. Wewe mtu akikwambia jambo dogo asubuhi, jioni limekuwa kichekesho."

Hilo lilinipata. Sikatai. Lakini kuogopa kuchekwa ni kitu kimoja, na kumwacha mjomba wa mkewe aondoke na kokoto kwenye nati zilizolegea ni kitu kingine. Na kuna cha tatu, kibaya kuliko vyote viwili.

"Jana mbele ya wale watu, ulisema hukugusa."

"Ungetaka niseme nini?"

"Ulinisikia nikisema kosa ni langu. Ulinisikia, ukafuta karbureta."

Akageukia meza, akaanza kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa, na mimi sikuwa na mzaha wa kumtupia.

Jioni nikaenda hospitali. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kifuani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Umekuja na chungwa au na maneno?" Nikampa machungwa kwanza. Nilikuwa nimebeba kishina kimoja cha stadi kwenye kitambaa, nimekigonga kwa nyundo nikakitoa upande wa ndani wa ekseli, nataka nimsomee ile mistari ya kome, nijisafishe. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

Lakini nilianza na swali. "Mjomba, ile siku ya pili, ulirudi gereji?"

"Nilirudi. Si ulinishika mkono?"

"Shemeji alifanya nini?"

"Alizunguka na kichupa. Mara hii rangi ya bibi harusi. Nikamuuliza, mbona leo spana hailii? Akaniambia mara ya pili huwa hailii, huwa inachorwa tu. Na keshokutwa yake nilirudi, akaangalia mistari, akasema imenyooka, nenda."

"Na wewe ukakubali?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu mzito wa kuelewa. "Si uliniambia mwenyewe? Inayoshika tairi ni rangi. Nati ni urembo."

Alisema bila hasira wala kejeli. Alikuwa ameliamini. Mzee mwenye akili zake, dereva wa miaka mingi, aliniamini mimi kiasi kwamba nilipotania alidhani ndiyo elimu mpya. Shemeji alikuwepo siku ile, aliusikia ule mzaha, na siku alipokwama akautumia. Uongo wake ulikuwa umeshonwa kwa kitambaa changu.

Kile kishina cha stadi nilikifunga tena kwenye kitambaa. Nikamwambia ukweli wote kwa maneno ya kawaida. Spana iliuawa, tairi halikukazwa, mstari haushiki kitu, mstari ni wa kuangalia tu. Alisikiliza huku anamenya chungwa kwa mkono mmoja na meno. Alipomaliza akauliza, "Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Na kule maegeshoni wanajua ni wewe."

"Ndiyo."

Akala kipande. "Kule niliwaambia tairi likitoka waniite mimi mjinga. Watakuwa wananiita mimi. Wewe watakusahau." Ikawa hivyo. Alipotoka hospitali akaenda maegeshoni na mkono umefungwa, wakamwita mjinga, akaitika. Hakumtaja shemeji, kwa ajili ya dada. Na mimi sikumtaja. Wapo madereva mpaka leo wanapita mbele ya gereji bila kusimama, wananipungia vidole waonyeshe kucha.

Tipa nililitengeneza mwenyewe. Nilikwangua bluu yote ya ndani mpaka chuma cheupe, na mjomba hakumtaja Mwenyezi Mungu. Upande wa kulia stadi zote nane zilikuwa bado nzima kwa macho, zinang'aa, ungeapa ni nzima. Nilizitoa nikazitupa. Stadi iliyofanya kazi imelegea haiaminiki tena, inaweza kuwa na ufa ndani usioonekana, na huwezi kuiuliza. Nikaweka mpya pande zote. Spana ya kipimo niliazima kwa fundi mmoja wa Bagamoyo, na ililia mara kumi na sita, mjomba amesimama anahesabu kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakaanza kuitikia.

Nikachukua kichupa nianze kuchora.

"Acha," mjomba alisema.

"Mjomba, huu una kazi yake, nati ikisogea..."

"Najua, umeshanieleza. Kwenye gari langu usichore. Nitarudi ukaze, na nikirudi niwe nasikia mlio."

Nikafunga kichupa.

Shemeji bado tunafanya naye kazi. Angekwenda wapi, na mimi ningemfukuzaje mtu ambaye dada anampakulia chakula kwenye sinia moja na mimi? Ni mtu mwema kwa mengi. Amenunua spana nyingine ya tik, kwa jasho lake, akaniwekea mezani ndani ya kitambaa kipya. Nilimshukuru. Lakini utani umeisha, redio imezimika, wateja wanasubiri wakitazama simu zao. Naye akimaliza kufunga tairi akasema, "Tayari, shemeji, nimekaza," mimi nanyanyuka na spana, napita nati moja moja nyuma yake. Anajifuta mikono, anasimama pembeni, ananiangalia mpaka ya mwisho ilie.